UZI: Utafutaji wa majirani wa karibu kwenye vekta bilioni 1. Tugawe vipi data, tubane kiasi gani, rikoli (sehemu ya majirani halisi ambao utafutaji unawapata) ibaki wapi?

mjenzi_wa_faharasa (#1)

Wakuu, salaam.

Mijadala ya utafutaji wa vekta (orodha za namba zinazowakilisha maandishi au picha, ili vinavyofanana vikae karibu) huwa inakwama palepale. Data imetoka milioni chache hadi mamia ya milioni, seva moja imeelemewa, basi mtu anaimwaga data yote kwenye seva 50 na kushangaa kwamba gharama imepanda huku majibu yakizidi kuchelewa. Naomba tulijadili kwa hesabu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayepinga apinge: bana kwanza, kisha gawa mara chache uwezavyo.

Tushike mfano mmoja uzi mzima. Vekta bilioni 1, dimensheni 768, kila namba biti 32. Vekta moja ni 768 × 4 = baiti 3,072, kwa hiyo data tupu ni TB 3.07. Ukijenga grafu ya HNSW (faharasa ya matabaka ambamo kila vekta ni nodi iliyounganishwa na majirani zake) yenye M = 32 (kipimo cha idadi ya viungo kwa nodi), tabaka la chini hubeba viungo 2M, yaani 64, kila kiungo baiti 4. Hizo ni baiti 256 za ziada kwa kila vekta. Matabaka ya juu ni madogo, tuyaache. Jumla inafika TB 3.33. Seva yenye RAM ya GB 256, ukiondoa mfumo wenyewe na nafasi ya kupokea data mpya, itabeba kama GB 200 za faharasa. Hizo ni seva 17, na kila kipande kikiwa na nakala mbili ni seva 34.

Sasa angalieni kazi ya CPU. Kwenye grafu, idadi ya nodi zinazotembelewa hukua polepole, karibu sawa na logi ya idadi ya vekta. Vipande 10 vya vekta milioni 100: kila kipande kina ln(100,000,000) = 18.4. Vipande 100 vya milioni 10: kila kimoja 16.1. Umempunguzia kila mmoja kazi kwa asilimia 12 tu, lakini sasa wafanyakazi ni mara 10. Jumla ya kazi kwa kila swali imepanda karibu mara 8.8. Kugawa grafu hukupa nafasi ya kumbukumbu, basi. Ukitaka maswali mengi kwa sekunde, ongeza nakala.

Halafu kuna mkia wa ucheleweshaji. Kila kipande kikichelewa mara 1 katika 100, swali linalosubiri vipande 17 litachelewa kwa uwezekano wa asilimia 16. Vipande vikiwa 100, ni asilimia 63. Dean na Barroso walilieleza jambo hili mwaka 2013, na dawa waliyotoa bado inafanya kazi: jibu likivuka muda wa p95 (muda ambao asilimia 95 ya majibu huwa yamerudi), tuma ombi lilelile kwa nakala nyingine na upokee litakalowahi. Mzigo unaongezeka kwa takriban asilimia 5 tu.

---

nodi_ya_pembeni (#2)

Mkuu, hoja ya logi naikubali kwa grafu, lakini usiipake IVF (faharasa inayogawa vekta katika orodha, kila orodha na kitovu chake, na swali hupitia orodha za vitovu vya karibu tu). Kwenye IVF vitovu vikiwa vya pamoja (kila seva inatumia vitovu vilevile, na kila orodha imegawanywa sawa kwa seva zote), kazi ya kupitia orodha inagawanyika kweli. Seva 10, kila moja inapitia sehemu ya 10. Kinachojirudia ni kutafuta vitovu tu, nayo inaweza kufanywa mara moja kwa mratibu (seva inayopokea swali na kuunganisha majibu) kisha namba za orodha zikatumwa. Anayefunza vitovu vyake kwenye kila kipande ndiye anayepoteza faida hiyo.

---

mjenzi_wa_faharasa (#3)

Sahihi kabisa, nakubali marekebisho. Hoja yangu ya #1 ni ya grafu.

Na kwa kuwa umeifungua IVF, tuweke namba zake. Kwa vekta bilioni 1 mwongozo wa FAISS (maktaba ya programu ya utafutaji wa vekta) hupendekeza orodha 1,048,576, na vitovu vyenyewe vitafutwe kwa HNSW ndogo. Kila orodha inapata wastani wa vekta 954. Ukiwa na nprobe (idadi ya orodha zinazopitiwa kwa swali) = 64 unapitia misimbo kama 61,000 kwa swali. Ukibana kwa PQ (kukata vekta vijisehemu na kuweka msimbo mfupi badala ya kila kijisehemu) yenye vijisehemu 96, kila vekta inakuwa baiti 96, pamoja na kitambulisho cha baiti 8 unafika GB 104. Data iliyohitaji seva 17 sasa inaingia seva moja, vitovu vyote vikiwemo (GB 3.2).

Mafunzo ya vitovu ndiyo huwakwamisha wengi. Unahitaji sampuli ya vekta kati ya 30 na 256 kwa kila kitovu. Hata kwa 30, hizo ni vekta milioni 31, GB 97. K-means (njia ya kutafuta vitovu vya makundi kwa mizunguko) ya moja kwa moja juu ya vitovu milioni 1 ina operesheni 5 × 10^16 kwa kila mzunguko. GPU inayotoa trilioni 10 kwa sekunde itakaa dakika 85 kwa mzunguko mmoja. Fanya kwa ngazi mbili: makundi 1,024 kwanza, kisha ndani ya kila kundi makundi 1,024. Kazi inashuka takriban mara 500. Ubora unapungua kidogo, hasa pale makundi ya kwanza yanapopishana sana kwa ukubwa, kwa hiyo idadi ya vitovu vya ndani igawe kulingana na ukubwa wa kundi.

Baada ya mafunzo pima ulinganifu wa orodha: nlist × jumla ya (n_i)² ÷ N² (nlist ni idadi ya orodha, n_i ni idadi ya vekta katika kila orodha, N ni vekta zote). Ikiwa 1, orodha zote ni sawa. Ikiwa 2, kila swali linapitia wastani wa vekta mara mbili ya ulivyopanga, na bado utakuwa unalaumu diski au mtandao.

---

msimbo96 (#4)

Kwenye hiyo PQ ya baiti 96 kuna mtego ambao haujatajwa, na ndio unaofanya watu waone "PQ ni ya polepole".

Jedwali la umbali (umbali wa swali hadi kila msimbo wa kila kijisehemu, uliohesabiwa mapema) ni 96 × 256 × baiti 4 = KB 96. Kashe ya L1 ya CPU nyingi ni KB 32 hadi 48, hivyo jedwali halienei na usomaji mwingi unaenda L2, kashe iliyo polepole zaidi. Hilo ni la kwanza. La pili ni kubwa zaidi: ukitumia umbali wa Euklidi juu ya mabaki (vekta ukitoa kitovu chake), jedwali hubadilika kwa kila orodha. Orodha 64, kila moja ikihitaji seli 24,576, na kila seli ina kuzidisha 8: ni kuzidisha milioni 12.6. Wakati huohuo kupitia misimbo yenyewe ni usomaji milioni 5.9 tu. Yaani unatumia nguvu nyingi kuandaa jedwali kuliko kulitumia! Kuyahifadhi majedwali yote mapema hakuwezekani, kwani yangekula GB 103, sawa na faharasa nzima.

Suluhisho: fanya vekta zote ziwe na urefu wa 1, kisha tumia zao la ndani. Zao la swali na vekta ni zao la swali na kitovu, ongeza zao la swali na mabaki. Sehemu ya pili haitegemei kitovu, kwa hiyo jedwali linatengenezwa mara moja tu kwa swali zima. Kwa vekta za urefu wa 1 mpangilio wa majirani ni uleule.

Ukitaka kasi zaidi, PQ ya biti 4 ina vitovu 16 tu kwa kila kijisehemu, na jedwali la kijisehemu likipunguzwa hadi baiti 1 kwa seli linaenea kwenye rejista moja ya SIMD (maagizo ya CPU yanayoshughulikia namba nyingi kwa mpigo). Usahihi unashuka, kwa hiyo mwishoni panga upya wagombea wengi zaidi kwa vekta halisi.

---

swali_la_kwanza (#5)

Asanteni sana wakuu. Naomba kuuliza: tukiwa na vipande vinne, kila kimoja na PQ yake, mratibu anaunganisha vipi majibu? Anapanga tu kwa umbali?

---

msimbo96 (#6)

Hapana ndugu, na ni vizuri umeuliza, kwa sababu kosa hili halitoi ujumbe wowote wa hitilafu. Umbali wa PQ ni makadirio. Kila kitabu cha misimbo (orodha ya vitovu vya vijisehemu ambayo PQ hutumia) kina kosa lake, na kosa hilo halilingani kati ya vipande. Kipande ambacho misimbo yake inakadiria umbali kuwa mdogo kitajaza orodha ya mwisho na kusukuma nje majirani halali wa kipande kingine. Kila kipande ukikipima peke yake kiko sawa. Kilichoharibika ni muunganiko.

Njia mbili. Ama funza kitabu kimoja cha misimbo kwa sampuli ya data nzima na ukisambaze kwa vipande vyote, kikiwa na namba ya toleo ambayo mratibu anaikagua. Ama kila kipande kipange upya wagombea wake kwa vekta halisi, kisha kitume umbali halisi kwa mratibu. Mimi nashauri zote mbili pamoja.

Kupanga upya kuna bei yake. Kwa k = 100 (idadi ya majirani wanaoombwa) na wagombea 1,000, ukiwa na SSD inayosoma mara 500,000 kwa sekunde, diski moja inamudu maswali 500 kwa sekunde. Wagombea wakigawanywa kwa seva nne, kila moja inasoma 250. Angalia pia mpangilio kwenye diski: rekodi za baiti 3,072 zikipangwa mfululizo, nusu yake zinakatiza mpaka wa ukurasa wa baiti 4,096 na kuhitaji kurasa mbili. Hifadhi kwa biti 16: kila vekta baiti 1,536, mbili kwa ukurasa, hakuna inayokatiza.

---

mwanagrafu (#7)

Naingia upande wa kugawa, maana hapo ndipo kuna uamuzi mgumu kuliko yote: ugawe kwa bahati nasibu au kwa makundi?

Bahati nasibu: kila swali linaenda vipande vyote. Mizigo inalingana, hesabu inatabirika. Kuna faida ambayo wengi hawaitumii: kwa k = 100 na vipande 20, kila kipande kinatarajiwa kuwa na majirani 5 kati ya 100. Huna haja ya kuomba 100 kutoka kila kimoja. Ukiomba 15, uwezekano wa kipande chochote kuwa na zaidi ya 15 ni chini ya mara 1 katika maswali 1,000. Vipande vinatuma majibu 300 badala ya 2,000. Sharti ni kwamba ugawaji uwe nasibu kweli, kwa hashi ya kitambulisho. Ukigawa kwa tarehe ya kuingia, vitu vinavyofanana huingia pamoja, majirani 60 wanakaa kipande kimoja, na wewe umekikatia 15.

Makundi: mratibu anapeleka swali kwa seva 3 kati ya 20 na unaokoa asilimia 85 ya kazi. Inavutia. Shida iko mipakani. Vekta iliyo karibu na mpaka wa kundi ina majirani upande wa pili, na katika dimensheni 768 vekta nyingi ziko karibu na mpaka fulani. Ukiongeza seva za kutembelea hadi 8 au 10, akiba imeyeyuka.

SPANN, mfumo wa utafutaji wa vekta wa mwaka 2021, ilileta njia ninayoiamini: vekta iwekwe kwenye kila kundi ambalo kitovu chake kiko ndani ya mara (1 + ε) ya umbali wa kitovu cha karibu zaidi (ε ni ziada ndogo unayoichagua), na wakati wa swali makundi yaliyo mbali mno yakatwe. Unalipa kwa nafasi, unapunguza kosa la mpakani. Na msitengeneze makundi 20 kwa sababu mna seva 20. Tengenezeni maelfu ya seli ndogo, kisha mzipange kwenye seva kwa kuangalia mzigo wa maswali pamoja na idadi ya vekta. Seli inayoulizwa sana ipewe nakala zaidi peke yake.

Tofauti nyingine inaonekana siku seva ikizimika. Kwenye ugawaji nasibu, kukosa kipande 1 kati ya 20 kunapunguza rikoli ya kila swali kwa takriban asilimia 5, kwa hiyo mratibu anaweza kukata muda na kurudisha alichonacho. Kwenye makundi, maswali mengi hayaguswi kabisa lakini machache yanapoteza karibu kila kitu. Huko huwezi kuruhusu majibu pungufu bila kuyawekea alama.

---

nodi_ya_pembeni (#8)

Kabla hatujafika seva 20, diski isisahaulike. DiskANN (mfumo wa grafu inayokaa diski, 2019) ilionyesha vekta bilioni 1 za SIFT (sifa za picha) zikihudumiwa na mashine moja ya RAM GB 64 na SSD: zaidi ya maswali 5,000 kwa sekunde, wastani chini ya milisekunde 3, rikoli ya jirani wa kwanza juu ya asilimia 95. Misimbo ya PQ inakaa RAM kuongoza safari. Grafu na vekta kamili ziko diski.

Ila msiihamishe namba hiyo moja kwa moja. Vekta za SIFT ni baiti 128. Ukiwa na R (viungo kwa nodi) = 64, nodi moja ni 128 + 4 + 256 = baiti 388, kumi zinaingia ukurasa mmoja. Kwa mfano wetu nodi ni 3,072 + 4 + 256 = baiti 3,332, moja kwa ukurasa, diski TB 4.1. Idadi ya usomaji kwa swali haibadiliki sana, kwa sababu kila nodi ilikuwa inasomwa peke yake tangu mwanzo. Kinachobadilika ni ukubwa wa diski na faida ya kashe.

Ucheleweshaji unakadirika hivi: utafutaji wenye L (ukubwa wa orodha ya wagombea) = 100 hufungua angalau nodi 100. Ukisoma 4 kwa mpigo, ni mizunguko 25. Kila mzunguko mikrosekunde 100, unapata milisekunde 2.5. Ukipandisha upana wa mpigo hadi 16 mizunguko inapungua lakini unasoma nodi usizohitaji, na SSD inafika kikomo mapema.

Kujenga pia kunawezekana bila RAM ya TB 3. Gawa data makundi 40, kila vekta iingie makundi 2 ya karibu, jenga grafu ya kila kundi, kisha unganisha viungo. Kila kundi lina wastani wa vekta milioni 50, kama GB 167 kwa mfano wetu. Zile vekta zilizo kwenye makundi mawili ndizo daraja. Ukiziweka kundi moja tu, utapata visiwa 40 visivyofikiana.

---

swali_la_kwanza (#9)

Rikoli mnaipimaje kwa bilioni nzima? Sisi wengine tunapima kwa sampuli ya milioni 1.

---

mjenzi_wa_faharasa (#10)

Sampuli ya milioni 1 itakudanganya, ndugu. Data ikiwa chache majirani wameachana kwa umbali na ni rahisi kuwatofautisha. Kwenye bilioni, jirani wa 10 na wa 200 wamebanana, na kosa dogo la PQ linabadilisha mpangilio.

Majibu halisi ya data nzima si ghali kama yanavyodhaniwa. Maswali 10,000 dhidi ya vekta bilioni 1 ni operesheni 1.5 × 10^16. GPU ya trilioni 10 kwa sekunde inamaliza kwa dakika 26. Kusoma TB 3.07 kwa GB 3 kwa sekunde ni dakika 17, na yote mawili yanakwenda sambamba. Kila seva inapitia kipande chake vekta kwa vekta na kutoa 100 bora halisi. Ukiziunganisha unapata 100 bora halisi za data nzima. Fanya mara moja kwa kila toleo la data.

Maswali yatoke kwenye maswali ya watumiaji. Ukichukua vekta kutoka data yenyewe, kila swali litajipata lenyewe kwa umbali wa 0 na rikoli itang'aa bila sababu. Usitazame wastani pekee: wastani wa 0.95 unaweza kuficha asilimia 3 ya maswali yenye 0. Tazama asilimia 5 ya chini.

Jambo jingine ni pacha. Vekta zilizo sawa kabisa ukilinganisha kwa kitambulisho zitaonekana kama makosa wakati jibu ni sahihi. Linganisha kwa umbali. Na kwenye HNSW nodi yenye pacha mamia inaweza kujaza viungo vyote 64 kwa pacha zake, ikawa kisiwa. Ondoa pacha kabla ya kujenga, uweke vitambulisho vyote chini ya vekta moja.

---

msimbo96 (#11)

Niongeze vichujio (masharti kama lugha au tarehe ambayo majibu lazima yatimize), kwa kuwa vinaharibu rikoli kimyakimya. Kichujio kinachopitisha asilimia 1, ukichuja baada ya kutafuta, kinahitaji wastani wa wagombea 1,000 ili upate 10. Hapo ef (idadi ya wagombea ambao HNSW inashikilia wakati wa kutafuta) ya 100 itarudisha jibu 1, au hakuna. Na wastani huo unadhani kichujio hakihusiani na swali. Mara nyingi kinahusiana.

Kanuni rahisi: kadiria idadi ya vekta zinazopita. Zikiwa chini ya 100,000, achana na faharasa, zipitie zote. Ni MB 307. Kiini kimoja kinachosoma GB 20 kwa sekunde kinamaliza kwa milisekunde 15, na kwa vipande 17 ni chini ya milisekunde 1 kila kimoja. Zaidi ya hapo, tembea kwenye grafu nzima lakini jibu lipokee zinazopita tu. Ukiruka nodi zisizopita wakati wa kutembea, njia zinakatika.

---

swali_la_kwanza (#12)

La mwisho wakuu: kufuta na kuongeza?

---

mwanagrafu (#13)

Vekta mpya ziingie faharasa ndogo ya RAM, swali liulize zote mbili, kisha unganisha kwa vipindi. Kufuta ni kuweka alama tu: nodi inabaki kama njia ya kupitia lakini haitolewi kwenye majibu. Alama zikifika asilimia 10 hadi 20, jenga upya kipande hicho, kimoja baada ya kingine, ukihudumia kwa nakala. Kwenye PQ fuatilia wastani wa kosa la kubana kwa vekta za wiki hii dhidi ya zile za mafunzo. Likianza kupanda, vitabu vya misimbo vimepitwa.

Modeli inayozalisha vekta ikibadilishwa, hakuna kuchanganya. Vekta za modeli mbili hazilinganishwi hata dimensheni zikiwa sawa. Jenga faharasa ya pili kando, hesabu majibu halisi upya, pima, ndipo uhamishe maswali. Hiyo ina maana diski maradufu kwa muda wote wa kuhama, na ni lazima iwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.